Toyota Axio: mwongozo kamili wa kuchagua, kuendesha na kutunza sedani ndogo isiyokula mafuta

Anayenunua Axio huambiwa mambo mawili: ni gari laini, na halili mafuta. Yote mawili ni kweli siku linaposhushwa bandarini. Lakini ukipita gereji za mtaani utakuta Axio mbili zenye injini ileile, moja inateleza barabarani na mwenyewe anajaza mafuta kwa nadra, nyingine inagonga kila shimo na kila Jumatatu iko sheli. Tofauti hiyo haikutoka kiwandani. Imetokana na oili nzito iliyomiminwa kwa mazoea, themostati (kifaa kinachotunza joto la kazi la injini) iliyong'olewa, matairi yasiyo na upepo wa kutosha, na giaboksi iliyopewa mafuta yasiyo yake.

Ninachotaka ukishike ni hiki: kwenye gari dogo, starehe na unafuu wa mafuta ni kazi moja. Gari lililobaki karibu na lilivyotoka kiwandani hukupa vyote viwili, na kila kitu unachokibadilisha bila sababu hukupunguzia vyote viwili. Mwongozo huu ni wa Axio kwa sababu yamejaa Tanzania na Kenya na spea zake zinapatikana, ila mwenye Belta, Premio, Allion au Fielder atapata mengi ya kumfaa.

Kwanza: jua ni Axio ipi

Axio ilianza kuuzwa Japani Oktoba 2006. Toleo la kwanza, mafundi na wauza spea huliita kwa namba 140, lilidumu hadi 2012. Mei mwaka huo likaja la pili, la 160, lililojengwa juu ya msingi wa Vitz. Ndiyo maana la pili ni jepesi zaidi na linakata kona fupi, wakati la kwanza, kwa maoni yangu, limetulia zaidi kwenye safari ndefu. Usiulize mwaka peke yake. Soma herufi za mwanzo za namba ya chasisi, kwa sababu ndizo zinazokwambia injini:

- NZE141: injini 1NZ-FE ya cc 1,496, toleo la kwanza
- ZRE142: injini ya 1.8, toleo la kwanza
- NRE160: injini 1NR-FE ya cc 1,329, toleo la pili
- NZE161: 1NZ-FE ileile ya 1.5, toleo la pili
- NRE161: injini mpya ya 1.5, 2NR-FKE, iliyoingia 2015
- NKE165: haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme), iliyoanza 2013

Ukiona NZE144 au NZE164, hilo linasukuma matairi yote manne. Linakula mafuta mengi kidogo kuliko mengine, lina vyuma vingi zaidi vya kutunza, na mara nyingi lilitumika mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Lichungulie uvunguni kwa makini kuliko mengine.

Je, uchukue 1.3 au 1.5? Wengi hukimbilia 1.3 wakidhani ndiyo yenye akiba. Kwa mtu mmoja au wawili wa mjini, sawa. Lakini gari likibeba watu wanne na AC, halafu lipande Kitonga au milima ya Lushoto, injini ndogo hulazimika kuzunguka kwa kasi muda wote na faida yake inapotea. Kwa Tanzania hata ushuru haukupi sababu ya kuikimbilia: 1.3, 1.5 na 1.8 zote zimo kwenye kundi moja la cc 1,001 hadi 2,000. Ushauri wangu kwa familia ni NZE161, na kama unapenda utulivu kuliko wepesi, NZE141 iliyotunzwa. Zote mbili zina 1NZ-FE, injini inayotumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na ambayo karibu kila fundi ameshaifungua.

Kununua

Ukiagiza Japani, dai karatasi ya mnada kabla ya kutuma pesa. Hiyo ndiyo inayosema ukweli kuliko picha. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 lina mikwaruzo na uchakavu unaovumilika; R au RA maana yake liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa, kwa hiyo A1 isikuogopeshe. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi gari linapofika.

Umri wa gari unaingia kwenye bei kwa njia ambayo wanunuzi wengi huishtukia bandarini. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu: asilimia 15 kwa gari lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi 10. Tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA kabla hujachagua mwaka, maana gari la bei ya chini Japani linaweza kukugharimu sawa na lenye umri mdogo. Kenya mlango ni mwembamba zaidi: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia kabisa.

Ukinunua hapa nyumbani, iwe yadi au kwa mtu, sharti la kwanza ni kulikuta gari likiwa baridi. Gusa boneti. Kama lina joto, muuzaji ameshaliwasha, nawe huwezi kujua lilivyoamka. Rudi siku nyingine. Likiwa baridi, liwashe usikilize: mlio wa mnyororo unaozidi sekunde chache, moshi wa bluu, au injini inayotetemesha usukani.

Kisha giaboksi, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Axio nyingi zina giaboksi ya CVT. Haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazobadilisha upana, na msuguano kati ya mkanda na puli ndio unaosukuma gari. Ingiza D kisha R ukiwa umekanyaga breki. Gari likichelewa kuitikia au likipiga kishindo, hiyo ni dalili. Endesha taratibu kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, mguu mwepesi: mtetemo kama wa kupita kwenye matuta madogo ni dalili mbaya. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo, vivyo hivyo. Usikubali kuambiwa "itaisha ukibadili oili". Muuzaji akiamini hivyo, aibadili yeye kwanza.

Malizia na karatasi: namba ya chasisi ifanane na ya kadi, uangalie madeni ya faini za trafiki, na stika ya bima uihakiki kwenye mfumo wa mamlaka ya bima.

Wiki ya kwanza: lirudishe kwenye kipimo chake

Chukulia kwamba hujui chochote kilichofanyika kabla yako, na uanze upya.

Oili ya injini. 1NZ-FE huchukua takriban lita 3.7 ukibadili na filta. Muulize fundi ataweka namba gani. Akisema 20W-50 kwa sababu nchi yetu ni ya joto, mkatalie kwa heshima. Injini hii iliundwa na njia nyembamba za oili, na mfumo wa VVT-i unaopanga muda wa valvu unaendeshwa na shinikizo la oili hiyohiyo. Oili nzito huchelewa kufika asubuhi, huipa pampu mzigo, na mzigo huo unalipwa kwa petroli. Weka 5W-30 sintetiki ya kuaminika, ubadili kila kilomita 5,000 kama unaishi kwenye foleni na vumbi. Nunua dukani mwenyewe, kopo likiwa na sili, na likifunguliwa uwepo.

Mafuta ya CVT. Hili nalirudia kwa kila mtu anayeniuliza: CVT haiwekewi ATF ya kawaida, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki zenye gia. ATF imetengenezwa kwa giaboksi za aina nyingine. Kwenye CVT msuguano unakuwa si wake, mkanda unateleza, puli zinachanika, na hapo hakuna cha kutengeneza ila kununua giaboksi nyingine. Axio ya petroli yenye CVT hutumia CVT Fluid TC au CVT Fluid FE kutegemea toleo. Kitabu cha gari au namba ya chasisi kwa muuza spea mzoefu vitakwambia ipi. Mwaga kwa boliti ya chini, ujaze kiasi hichohicho kilichotoka, bila mashine ya kusukuma kwa nguvu. Mimi napendekeza kila kilomita 40,000.

Maji ya rejeta. Ondoa maji ya bomba na uweke kulanti ya pinki ya Toyota au inayolingana nayo. Halafu uliza swali moja: themostati ipo? Mafundi wengi huing'oa wakiamini wanazuia gari kuchemsha. Kinachotokea ni kwamba injini haifikii joto lake la kazi. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli kama inavyofanya asubuhi, na hali hiyo inaendelea safari nzima. Gari linalochemsha lina tatizo lake, iwe feni, rejeta iliyoziba au pampu ya maji inayovuja. Litafutwe hilo, na themostati irudi.

Filta ya hewa, plagi, na kusafisha mdomo wa kuingizia hewa ni kazi ndogo. Plagi za iridiamu ni ghali lakini hudumu kilomita 100,000 zikiwa halisi, na kwenye mitaa ya spea, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, za bandia ni nyingi. Bei ikiwa ya kushangaza kwa unafuu, achana nazo.

Angalia pia zile plastiki zilizo chini ya injini. Huvuliwa wakati wa kumwaga oili na hazirudishwi, kwa sababu boliti zimepotea. Zina kazi: zinalainisha upepo unaopita uvunguni na kuzuia tope lisirukie mkanda. Dai zirudi.

Matairi: faida kubwa kwa pesa ndogo

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo. Kiko kwa Kijapani, lakini namba zinasomeka: saizi ya tairi na upepo kwa kPa. 230 kPa ni takriban PSI 33. 220 ni PSI 32. Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kipimo chako mwenyewe, angalau kila wiki mbili. Kijana wa upepo pembeni ya barabara mara nyingi hujaza 40 "ili liwe gumu lisile mafuta", na hapo gari linaanza kuruka, breki zinapungua kushika, na bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya chini, zinaumia. Upepo mdogo nao hufanya tairi livutwe barabarani na kuchemka.

Ninaona watu wakivua rimu za inchi 15 na kuweka za 17 zenye tairi jembamba. Gari linapendeza, sikatai. Lakini rimu ni nzito zaidi, ukuta wa tairi uliokuwa unameza mashimo umetoweka, na ule ulaini uliokufanya ununue Axio umeutupa mwenyewe. Vivyo hivyo spesa za kunyanyua gari: nafasi ya chini ni kama sentimita 15, na najua barabara zetu, ila spesa ndefu hupinda pembe za ekseli na kufanya gari liyumbe kwenye mwendo. Kupunguza mwendo kwenye matuta kunasaidia zaidi.

Unaponunua tairi, tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka minane ni gumu, halishiki barabara ya mvua, na linaweza kupasuka kwenye lami ya moto ya Chalinze. Sioni akiba yoyote hapo.

Pima mwenyewe

Wastani unaoonyeshwa kwenye dashibodi hupenda kukufurahisha. Njia ya uhakika ni hii: jaza tenki hadi pampu ikatike yenyewe, weka kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, kisha jaza tena kwenye pampu ileile hadi ikatike. Gawa kilomita kwa lita. Ukitembea kilomita 428 na ukajaza lita 31.5, umepata 13.6 kwa lita. Andika kwenye simu kila ukijaza. Anayeweka mafuta ya elfu kumi kumi hawezi kujua gari lake linakula kiasi gani, hata akiwa nalo miaka mitano.

Utegemee nini? Takwimu za Japani zilipimwa maabara kwa mzunguko uitwao JC08. Haibridi ya 2013 ilipewa kilomita 33 kwa lita, na hakuna atakayeiona Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kwa 1.5 ya petroli iliyotunzwa, ukipata 11 hadi 13 kwenye foleni ya mji na 16 hadi 18 kwenye safari ndefu ya mwendo wa wastani, gari liko sawa. Ukiona chini ya 10 mjini, kuna kitu.

Petroli ya kawaida inatosha. Injini hizi zilitengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, kwa hiyo ya oktani ya juu unailipia bila kupata kitu. Tanzania, mdhibiti wa nishati EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, mwenzake EPRA hutangaza tarehe 14. Na kwa Tanzania kuna jambo ambalo wengi wamelisahau: tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na tozo ikahamia kwenye lita ya mafuta. Anayechoma lita chache anaokoa na hiyo pia.

Kuendesha

CVT hupenda mguu mtulivu. Kanyaga kidogo, subiri mwendo upande, kisha legeza kidogo. Utasikia injini ikishusha mzunguko huku gari likiendelea. Ukikanyaga hadi chini, injini inalia na petroli inamwagika.

Ukiona taa nyekundu au tuta mbele, achia mafuta mapema ukiwa kwenye D. Wakati huo kompyuta hukata petroli kabisa na gari linasukumwa na mwendo wake. Wale wanaoweka N mteremkoni hawaokoi chochote: kwenye N injini inahitaji petroli ili isizimike, na gari halina kizuizi zaidi ya breki. Mteremko mrefu kama wa Kitonga ushuke kwa D ukiwa umeachia mafuta, na kama gari lako lina B kwenye leva ya gia, itumie, injini ishikilie gari ili breki zisichemke.

Kwenye barabara kuu, upepo ndio adui. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 80 kwenda 110 unakaribia kuuzidisha mara mbili. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Jaribu 90 kwa utulivu mara moja, pima, halafu uamue kama muda uliokuwa ukiuwahi ulistahili. Funga madirisha na uwashe AC ukiwa kwenye mwendo huo. Mjini, gari likiwa limesimama na AC inawaka, injini ya 1.5 hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kumsubiri mtoto shuleni saa nzima kila siku kuna bei yake.

Kulinda ulaini

Mwenye Axio akilalamika kuwa limekuwa gumu, fundi hukimbilia shokapu. Mara nyingi kosa linaanzia kwenye vitu vya bei ndogo: bushi za mkono wa mbele, linki za staibilaiza, mpira wa juu wa shokapu. Mlio wa "koto koto" kwenye barabara ya vumbi kwa mwendo mdogo ni linki. Kishindo kimoja unapofunga breki ni bushi. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, na boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo mpira unakaa umejikunja na kuchanika mapema. Baada ya hapo nenda ukapangiwe matairi kwa mashine.

Mtetemo unaoupata kwenye kiti ukiwa umesimama kwenye D ni maunti za injini. Na AC isiyopooza, kabla hujaongeza gesi, fungua kijisanduku cha dashibodi upande wa abiria: nyuma yake kuna filta ya hewa ya ndani ambayo huenda haijaguswa tangu Japani.

Mwenye haibridi ana kazi moja ya ziada ambayo wengi hawaijui. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na hewa inayovutwa kupitia tundu pembeni ya kiti. Usiweke mizigo wala nguo juu ya tundu hilo, na vumbi lisafishwe kila unapofanya sevisi. Joto ndilo linaloiua betri hiyo kabla ya wakati.

Kilomita kwa lita zikishuka

Fuata mpangilio wa gharama. Anza na upepo wa matairi. Kisha baada ya safari fupi gusa rimu zote nne kwa uangalifu. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki iliyonasa. Tazama filta ya hewa. Tazama kipimo au taa ya joto la injini: taa ya bluu inayokataa kuzimika inakuelekeza kwenye themostati. Safisha sensa ya hewa inayoingia kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa. Uliza kama kuna aliyekata masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi), maana yakiondolewa taa ya injini huwaka na huwezi tena kuona hitilafu mpya ikitokea. Hayo yote yakiwa salama, ndipo umlipe mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na umtake akuonyeshe anachosoma injini ikiwaka: joto la maji, marekebisho ya petroli, na sensa ya oksijeni. Asikubadilishie kifaa chochote kabla hajakuonyesha namba iliyomfanya akishuku.